Marafiki wa Changarawe

Daktari alimwambia Emery Kasereka kwamba moyo wake unafanya kazi kama lori la saruji linalopanda mlima kwa gia mbovu. Akamwandikia vidonge, akamkataza chumvi, kisha akaongeza: "Na utembee. Nusu saa kila siku, kwa miguu."

Ulikuwa ushauri mzuri wa mtu asiyekaa Golf. Katika mtaa wa Golf, mwenye maghala matatu ya unga na mafuta ya kupikia hatembei kwa miguu. Emery alijaribu siku mbili. Siku ya kwanza majirani wanne walisimamisha magari kumuuliza la kwake limepatwa na nini. Siku ya pili mchungaji alifika nyumbani bila taarifa, akaikusanya familia sebuleni, akamwomba Mungu kwa machozi ainue tena nyumba hii. Siku ya tatu Emery alibaki kitandani.

Aliyemtoa kitandani ni jirani yake, Maître Adrien, wakili mwenye sauti nene na miguu myembamba, rais wa klabu iitwayo Les Amis du Gravier, yaani Marafiki wa Changarawe. Changarawe zenyewe hazikuwa zimeulizwa kama zinautaka urafiki huo.

"Vélo, mon cher!" Adrien alisema. "Lakini si vélo ya ku lami. Ku lami, camion ya madini itakumaliza mbele ya ugonjwa. Siye tunaendaka mu campagne, mu mashamba. Njia ya changarawe, kando ya mufereji, miti, bandege banaimba. Hakuna motokari hata moja. Kimya. Unasikia? Kimya!"

Hilo "kimya" la mwisho lilimwamsha mbwa wa nyumba ya tatu.

Baiskeli ikatoka Ubelgiji kwa ndege, kama waziri anayerudi kutoka kwenye matibabu. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mlinzi wa lango alipoinua sanduku aliuliza kama kilichomo hakikuibiwa njiani. Pamoja nayo zikaja nguo za kubana mwili. Émerance, mke wa Emery, ni mwimbaji wa kwaya na mtu asiyetapanya maneno. Alimzunguka mumewe mara moja pale sebuleni, taratibu, kama anayekagua ukuta uliopasuka.

"Papa Jemima," akasema, maana Jemima ndiye binti yao wa kwanza, "hii nguo umeivaa, ama yenyewe njo imekuvaa?"

Safari ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya kiangazi inayowavalisha watu wa Lubumbashi makoti mpaka saa nne. Sasa, kufika kwenye njia isiyo na magari kulikuwa na shida ndogo: ilikuwa mbali. Marafiki wa Changarawe waliitatua shida hiyo kwa magari. Walikuwa watu kumi na mmoja, wakaenda na jeep tisa, baiskeli zimefungwa juu ya paa kama mbuzi wa sikukuu. Walipita Annexe, pembezoni mwa mji, kwa mwendo wa watu wanaoukimbilia utulivu, na vumbi lao jekundu likatua juu ya mboga za lengalenga zilizokuwa zimemwagiliwa alfajiri. Wakaegesha jeep tisa mwanzoni mwa njia, madereva wakarudisha viti nyuma na kulala, na rais akatoa hotuba.

"Angalieni!" akasema, mkono umenyooka. "Zéro trafic!"

Mbele yao ulikuwa mfereji. Ulichimbwa zamani za Wabelgiji ili kupeleka maji ya mto kwenye shamba kubwa. Shamba likafa, Wabelgiji wakaondoka, lakini mfereji ukabaki hai kwa sababu wakulima wa bustani waliukataza kufa: kila Jumatano waliingia ndani yake na majembe, wakatoa matope na magugu. Juu ya ukingo ilipita njia nyembamba ya udongo mwekundu na changarawe, ngumu kama sakafu ya kanisa. Adrien aliigundua mwezi wa tatu. Aliigundua kama wasafiri wa zamani walivyoigundua mito yetu: akiwa amepotea, na mwenyeji akimwelekeza.

Emery aliitazama. Ilikuwa imechorwa na magurudumu, mstari juu ya mstari, maelfu ya mistari. Hakujiuliza ni magurudumu ya nani.

Baada ya dakika kumi alikuwa wa mwisho. Baada ya ishirini hakuwaona wenzake tena, na hapo, ingawa mapafu yake yalikuwa yanaungua, alianza kuona vingine. Vichuguu virefu kuliko nyumba, vimeota nyasi kichwani. Vitalu vya kabichi vilivyonyooka kama madawati ya shule. Moshi wa tanuri la matofali umelala chini kwa sababu ya baridi. Mama mmoja aliyezama mpaka magotini alikuwa akirusha maji kwa beseni, na kila aliporusha, maji yalikaa hewani kidogo kama kitambaa kabla ya kuanguka. Emery akajikuta anatabasamu peke yake. Akajirudi haraka, asije akaonekana.

Kisha mbele yake akasikia filimbi ya Maître Adrien, na baada ya filimbi, kishindo.

Kilichotokea kilikuwa hiki. Kutoka upande wa pili walikuja watu sita wenye kinga. Lubumbashi baiskeli ni kinga, na hizi zilikuwa kinga za makala, yaani makaa ya kupikia: kila moja imebeba magunia manne yaliyofungwa kwa vipande vya mipira ya matairi, na mwenyewe anaisukuma kwa bega kwa sababu pa kukaa hapajaachwa. Walikuwa wameondoka porini tangu usiku. Sheria ya njia ile haikuandikwa popote na kila mtu aliijua: asiye na mzigo anampisha mwenye mzigo. Kila mtu, isipokuwa mgunduzi. Adrien alipuliza filimbi akapaza sauti wakae kulia, "À droite! À droite!" na Marafiki wakaja kwa kasi, mmoja nyuma ya mwingine. Wasukumaji watano walijibana wakaponea chupuchupu. Wa sita alikuwa mahali ukingo ulipomong'onyoka. Gurudumu likateleza, kinga ikalala, magunia yakaporomoka na moja likaingia majini.

Marafiki hawakusimama, maana kusimama kunaharibu wastani wa mwendo. Kila mmoja alipopita alimwambia yule aliyeanguka, "Pardon, papa! Courage!" Mtu yule alipewa courage kumi, na mkono hata mmoja hapana.

Emery alisimama. Isidhaniwe kwamba ni wema. Pumzi zilikuwa zimemwishia, na kando ya mtu aliyeanguka ni mahali pazuri pa kupumzika bila kuonekana umeshindwa.

"Yambo, papa. Umeumia?"

"Yambo, patron. Ni mukono tu."

Aliitwa Nkandu. Alikuwa na umri wa kama miaka hamsini, mkavu kama ukuni, amevaa koti la kike la manjano lililofungwa kwa kamba kiunoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unavimba huku wakiutazama. Wenzake watano walikuwa wamekwisha kwenda: mwenye kusukuma magunia manne haoni nyuma, na akisimama hapati tena mwendo.

Emery akaingia majini na viatu vyake vya Ubelgiji, akaliburuta gunia nje. Kuipakia kinga ya makala kunahitaji mikono minne, na hapo ilikuwepo mitatu. Nkandu akaanza kumwelekeza, "Patron, shika hapa, usiachilie, tia gunia—" halafu akanyamaza, kwa sababu mikono ya Emery ilikuwa imekwisha kuanza. Aliweka goti chini ya chuma, akalaza gunia, akauzungusha mpira mara mbili, akauvuta kwa meno na kuufunga kifundo.

Nkandu akakitazama kile kifundo.

"Hii noeud ulijifunzia wapi?"

Kwa miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa Lubumbashi aliyekuwa amemuuliza Emery swali lenye jibu hilo. Golf nzima iliamini alizaliwa ghalani, katikati ya makatoni, amevaa tai.

"Kwetu Butembo," akasema. "Baba yangu alikuwa wa chukudu."

Nkandu hakujua chukudu, ikabidi aelezwe: kigari cha mbao chenye magurudumu mawili ya mbao, hakina injini wala pedali. Unapakia mbele, unapiga goti juu yake, unasukuma kwa mguu mmoja, na mteremko ukifika unaomba Mungu. Baba yake Emery alishusha kabichi na mbao kutoka milimani kwa miaka thelathini. Na Emery alisukuma nyuma yake mpaka alipofika miaka kumi na saba.

"Na baba anajua siku hizi uko unavaa ivi?"

"Alikufa."

"Pole sana," Nkandu akasema, kisha akaitazama ile nguo tena, kutoka juu mpaka chini. "Lakini pengine ni afazali."

Kwa mkono mmoja Nkandu asingeweza kuipandisha kinga yake. Basi Emery akaweka bega kwenye magunia, na Nkandu akachukua ile baiskeli ya Ubelgiji, akaisukuma kwa vidole viwili. Ndivyo walivyokwenda: mfanyabiashara mbele amekakamaa ndani ya nguo inayombana, mweusi wa vumbi la makala mpaka kope, na nyuma mtu wa koti la manjano akitembea na baiskeli ya bei ya nyumba kama anayempeleka mbwa mdogo kunya.

"Patron, hii kinga inabebaka nini?" Nkandu akauliza baada ya muda.

"Inanibeba mimi."

"Na kintu kingine?"

"Hapana."

Nkandu aliigeuza akaitafuta sehemu ya kubebea mizigo, akakosa. "Masikini," akasema, na kwa sauti yake ilikuwa vigumu kujua anaihurumia baiskeli au mwenyewe.

Emery alikuwa anasukuma. Mwanzoni alidhani atakufa. Kisha miguu ikakumbuka yenyewe: usipigane na mzigo, uegemee kidogo, uuache ukuvute panapoteremka. Moyo ulipiga kwa nguvu lakini ulipiga sawasawa, kama mtu aliyepewa kazi anayoijua. Walizipita jeep tisa. Madereva walikuwa bado wamelala, isipokuwa mmoja, aliyefungua jicho, akamwona Emery, akalifunga tena.

Nkandu akamweleza magunia yanakokwenda. "Hizi mbili ni za Maître moja wa Golf. Umeme ikikatika, hata batajiri banapikaka na makala. Hizi zingine ni za Mama Jemima, portail ya bleu. Mama muzuri, anapatiaka mutu chai. Mwaka ya sita sasa."

Emery akakanyaga jiwe. "Na bwana yake?"

"Simuonaka. Banasema ni mutu mwenye kazi mingi."

Walifika saa nne. Mlinzi wa lango la bluu, ambaye Emery mwenyewe ndiye aliyemwajiri, hakuinua macho kutoka kwenye simu. "Makala inapitia nyuma!" akafoka. Emery akapita nyuma. Mpaka siku hiyo hakuwa na habari kwamba nyumba yake ina mlango wa nyuma.

Émerance alifungua. "Nkandu, leo umekawia, na huyu ni—" Aliviona viatu kwanza. Kisha mapaja. Kisha uso, ambao ulikuwa na macho mawili tu ya kutambulika. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akacheka bila sauti mpaka machozi yakamlowesha kanga, na kila alipotaka kusema neno alilitazama lile vazi, kicheko kikaanza upya. Kicheko kilikatika alipouona mkono wa Nkandu. Aliinuka palepale, akamwita dereva, na saa sita Nkandu alikuwa na plasta kutoka vidoleni hadi kiwiko. Mfupa ulikuwa na ufa. Daktari alisema wiki sita asisukume kitu.

Jioni Emery alimpigia simu mama yake huko Butembo. Sijui alitaka asifiwe au alitaka nini. Alimweleza yote, mzigo, kifundo, mteremko. Mama yake, mwanamke wa miaka themanini na mmoja, alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngoja nielewe," akasema. "Baba yako alisukuma miaka makumi tatu ili weye usisukume."

"Ndiyo, mama."

"Na sasa uko tajiri, unasukuma bure."

"Ni ya afya, mama."

Emery akamsikia mama yake akiwaita wajukuu waje wasikie.

Jumanne iliyofuata Marafiki wa Changarawe walikutana katika chumba cha hoteli chenye kiyoyozi, mwezi wa saba, huku wote wamevaa makoti. Ajenda ilikuwa moja: usalama. Maître Adrien alisema, kwa uchungu mkubwa, kwamba njia yao isiyo na trafic imevamiwa na trafic. Alikuwa ameandaa barua. Aliomba njia iwe ya mapumziko peke yake, iwekwe kizuizi, kibao na mlinzi.

Emery aliinua mkono. Hakuwa mzungumzaji.

"Ile njia, watu wa makala njo waliifanya ngumu," akasema. "Bila makala, hakuna njia. Na yule papa tulimwangusha. Mkono umevunjika."

"Mon cher, nilimwambia pardon."

"Mimi pia nilisukuma mizigo kama ile. Na baba yangu. Chukudu. Mpaka miaka kumi na saba."

Watu walimtazama kwa namna mpya, kama wanavyotazama gari walilodhani ni jipya. Kisha Adrien akapiga makofi polepole. "Très touchant! Ni vizuri sana, folklore." Wakapiga kura. Walikuwa kumi dhidi ya mmoja, na mmoja huyo ndiye aliyelipia kahawa ya wote.

Adrien alijua kutafuta karatasi zenye mihuri. Barua ilikuja na mihuri mitatu. Ya nani hasa, hakuna aliyeisoma. Kabla ya wiki kwisha kibao kilisimama mwanzoni mwa njia kwa Kifaransa safi kabisa: njia ya mapumziko, baiskeli zenye mizigo marufuku. Na kwa kuwa wasukumaji wengi hawasomi Kifaransa, waliwekewa pia mlinzi aliyekitafsiri kwa fimbo. Watu wa makala wakahamia barabara ya lami, pamoja na malori ya madini.

Emery alipokwenda kumwona Nkandu nyumbani kwake, alimkuta ameketi na plasta yake juani.

"Jana camion ilipita na magunia ya mwenzetu Mwenya," Nkandu akasema. "Asante Mungu, Mwenya mwenyewe ilimuacha."

Emery hakulala vizuri. Jumatano alfajiri aliacha ghala mikononi mwa wafanyakazi, akaendesha baiskeli yake kutoka Golf hadi mferejini, safari hii bila jeep, akasimama mbele ya wakulima kuomba radhi. Mkubwa wao alikuwa Mama Edith, mjane mrefu, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyesali misa ya kwanza kila Jumapili na kulaani kwa Kifaransa siku nyingine zote. Alikuwa ndani ya mfereji, maji kiunoni. Alisikiliza radhi zote, akampa jembe.

"Mwenye kupita juu ya mufereji anaingia ndani ya mufereji," akasema. "Njo sheria."

Emery akaingia. Alitoa matope mpaka saa tano, na viganja vyake vikapasuka mahali palepale vilipokuwa na sugu ujanani. Walipopumzika, Mama Edith alimpa munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kikombe cha bati, akauliza jambo alilokuwa amelizungusha kichwani asubuhi yote.

"Kwa hiyo kinga ya makala haitapita tena?"

"Haitapita, mama."

"Weye ona kule." Alionyesha upande wa chini wa njia, ardhi nyekundu iliyopasuka. "Tungepanda kabichi pale tangu zamani. Inabakia kufungua mayi yapite juu ya njia, ni ile tu. Lakini hatukufungua, sababu ya kina Nkandu. Njia ikilowana, makala inakwama. Tulisema tubaki na njaa kidogo, bapite." Akamalizia munkoyo. "Sasa bamekatazwa kupita. Basi njia haina tena kazi ya kukauka. Ijumaa tunafungua. Ambia barafiki yako Jumamosi njia itakuwa laini."

Emery aliufikisha ujumbe huo kama ulivyo, kwa simu.

"Laini?" Maître Adrien akasema. "Parfait! Ile changarawe ilikuwa inaniumiza makalio."

"Laini sana, Maître."

"Tant mieux!"

Emery alikata simu. Alikuwa ametimiza wajibu wake, tena mara mbili.

Jumamosi Marafiki walikuja kumi, na jeep tisa. Kwa kuwa sasa njia ilikuwa yao, mlinzi aliinua kizuizi, na rais akaona hakuna sababu ya kuegesha mbali. Akaingiza jeep yake juu ya ukingo wenyewe, asogee kidogo karibu na maumbile. Ilikwenda kama mita mia. Kisha magurudumu ya mbele yakazama, pole pole, kwa heshima, kama ng'ombe anayepiga magoti. Kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, njia isiyo na magari ikawa na gari, tena katikati.

Wengine walidhani baiskeli zitapita. Hazikupita. Ule udongo mwekundu ukilowana hautelezi tu, unashika. Uliwashika mpaka vifundoni, kisha mpaka magotini, na kila aliyeuvuta mguu mmoja aliacha kiatu. Maître Adrien alishuka kwenye jeep kwenda kutoa maagizo, akazama hadi kwenye mapaja, na filimbi yake ikaanguka ikapotea. Mlinzi aliona ajira yake inaelekea wapi, akaondoka.

Mama Edith alituma mtu kwenye barabara ya lami. Baada ya nusu saa wasukumaji wa makala wakaja, kumi na wawili, na mipira yao na kamba zao, na Nkandu mbele na plasta yake, ambaye kwa kuwa hawezi kuvuta alijichagua kuwa kamanda. Walimtoa rais kwanza, kama itifaki inavyotaka. Kila walipovuta, Nkandu aliwapa moyo wale wa matopeni. "Courage, papa!" akasema. "Courage!"

Adrien alipofika pakavu alikuwa amepoteza sauti yake nene.

"Nani alifungua haya mayi?"

"Ni siye," Mama Edith akasema. "Kabichi iliomba."

"Lakini hii ni njia ya mapumziko! Imeandikwa!"

"Tulisoma, papa. Na yenyewe iko inapumzika."

Hapo Adrien akaiona kamba ya pili, ile iliyokuwa inavuta jeep, na katikati ya kamba, kati ya watu wawili wa makala, amekunja suruali mpaka magotini, akamwona Emery.

"Emery! Ulijua!"

"Nilikuambia, Maître. Ukasema parfait."

Jeep ilitoka saa saba. Wakati wa kuagana hakuna aliyetoa hotuba. Juma hilo Marafiki wa Changarawe walikutana tena, wakaamua kwa kauli moja kuhamia chumba cha mazoezi cha hoteli ileile, penye baiskeli zilizofungwa sakafuni. Hakuna gari pale, hakuna tope, hakuna makala. Mbele ya kila baiskeli kuna televisheni inayoonyesha mashamba ya Ubelgiji. Nasikia wameridhika kabisa, na wastani wao wa mwendo umepanda.

Mihuri mitatu haikuja kuulizia kibao chake. Mama Edith alikilaza kifunike kitalu cha miche, na nguzo ya kizuizi ikawa daraja la kuvukia. Kisha yeye na Nkandu wakakaa chini kama watu wazima, wakakubaliana: maji yapite juu ya njia Jumamosi jioni, makala ikiwa imekwisha kufika sokoni, mpaka Jumanne udongo umekauka, na kabichi zimekunywa. Lilikuwa jambo la mazungumzo ya robo saa. Kwa miaka yote hakuna aliyekuwa ameyaanzisha, kwa sababu kila upande ulikuwa unamwonea huruma mwenzake.

Mwezi wa tisa, plasta ilipotoka, Nkandu alirudi porini, na Jumanne moja Emery akaomba kwenda naye. Kinga za makala zikiwa tupu zinakwenda kama zimetoroka jela. Emery, na baiskeli yake ya Ubelgiji, aliachwa mara nne, na mara nne alimkuta Nkandu amekaa kivulini mwa kichuguu anakula kiazi kitamu, anamsubiri bila kusema lolote, jambo ambalo ni tusi kubwa kuliko kusema. Walifuata mfereji mpaka mwisho, mahali Emery hakuwahi kufika, pale maji yanapotoka mtoni kupitia mlango wa chuma wenye kutu. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu. Hapakuwa na sauti nyingine isipokuwa ya maji yakipita chini ya chuma. Emery akakaa juu ya jiwe, akanawa uso.

"Mimi naingia mu pori," Nkandu akasema. "Weye?"

"Nitarudi."

"Bila kintu?"

"Bila kitu. Nilikuambia, haibebi."

Nkandu alisimama akiitazama baiskeli ile, na usoni alionekana kama mtu anayeona mtoto anatumwa shule bila kula. Jambo hilo lilikuwa juu ya uwezo wake. Akaingia kwenye shamba la jirani, akasikika anaongea na kucheka na mwenye shamba, akatoka na fungu kubwa la sombe mbichi, majani ya muhogo. Akalifunga kwenye usukani kwa kipande cha mpira, mara mbili, akavuta kwa meno.

"Ya Mama Jemima," akasema. "Sasa iko kinga."

Emery akageuza, akaondoka. Majani yalimzuia kuona gurudumu la mbele na yakamtekenya magoti njia nzima, na kabla hajafika kwenye tanuri la matofali alikuwa amekwisha kuanguka nayo mara moja, taratibu, upande wa kabichi.